Somo: Filamu ya dakika mbili inayoanzia mdomoni

Mwaka 1951 Isidore Isou, kijana wa Kiromania aliyehamia Paris, alipeleka kwenye tamasha la filamu la Cannes filamu yake Traité de bave et d'éternité (Risala ya mate na umilele), ikazua zogo. Anaonekana akizurura mitaa ya Saint-Germain-des-Prés, lakini sauti tunazosikia ni za watu wanaobishana kuhusu sinema. Baadaye yanaingia mashairi yasiyo na neno la kamusi: miguno, mikoromo, herufi tupu. Picha nyingine aliziokota kwenye filamu za watu, akazikwaruza. Alitaka sauti na picha ziachane, kila moja iende na njia yake.

Tutafuata njia hiyo kwa simu ya kawaida.

Hatua ya 1: Shairi la sauti

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu. Kiswahili kimekuandalia malighafi: tanakali, yaani maneno yanayoiga sauti. Chukua "alitumbukia majini chubwi". Toa kitenzi, toa maji, bakiza chubwi. Irudie mpaka ianze kuvunjika: chu, chu, bwi, bwibwibwi, bw. Ongeza pu, tititi, pepepe, kwikwi, jii.

Kisha panga sauti kwa pumzi. M, ng', s, z na gh unaweza kuzivuta hadi mapafu yaishe hewa. P, t na k hukatika papo hapo. Shairi lenye za kuvuta tupu hulaza watu, na lenye za kukatika tupu huchosha kama kupigiwa mlango. Changanya. Liandike kwenye karatasi moja kubwa: herufi kubwa kwa sauti ya juu, ndogo kwa mnong'ono, mstari mrefu pale unapovuta.

Hatua ya 2: Kurekodi

Chumba chenye nguo nyingi na mapazia hupunguza mwangwi. Zima feni, weka simu katika hali ya ndegeni, iwe umbali wa shubiri moja, pembeni kidogo mwa mdomo. Soma shairi lote bila kukatiza, hata ukikosea. Rudia mara kadhaa. Mwisho rekodi sekunde 30 za chumba kikiwa kimya. Utazihitaji kuziba mapengo, maana ukimya wa chumba una uhai wake na ule wa programu ya kuhariri hauna kitu. Sikio hulitambua shimo mara moja.

Hatua ya 3: Hariri sauti peke yake

Picha isiguswe bado. Mikondo mitatu ya sauti, yaani tabaka tatu zinazocheza pamoja, inatosha. Sikiliza kwa hedifoni, macho umefumba.

Hatua ya 4: Picha

Guy Debord, Mfaransa, mwaka 1952, katika filamu yake Hurlements en faveur de Sade (Mayowe kwa ajili ya Sade) hakuweka picha hata moja. Watu wakisema, skrini nyeupe; wakinyamaza, nyeusi; na dakika 24 za mwisho ni giza na kimya. Kwa anayeanza sikushauri, watazamaji watakukimbia. Ila beba funzo lake: weusi nao ni picha, utumie.

Sharti langu ni moja: picha isitafsiri sauti. Ikisikika chubwi, usionyeshe maji. Onyesha mkono ukichambua mchele. Na usikate picha pale pale sauti inapobadilika. Sogeza mkato fremu kumi mbele au nyuma, uone inavyoanza kusumbua vizuri.

MASWALI YA WANACHAMA

Shikamoo mwalimu. Naweza kutumia sauti ya bibi yangu akisimulia ngano?

Marahaba. Unaweza, kwa ridhaa yake, na umsikilizishe kabla hujaisambaza. Jaribu hivi: acha "Paukwa!" yake ining'inie sekunde kumi kwenye weusi ndipo "Pakawa!" ijibu. Usimkatekate mpaka awe kichekesho.

Kaka, kama skrini ni nyeusi, si bora niweke redioni tu?

Swali la haki. Derek Jarman, mtengenezaji filamu wa Uingereza, macho yakimpotea kwa maradhi ya UKIMWI, alitengeneza filamu ya Blue mwaka 1993: bluu tupu dakika 79, na sauti na muziki juu yake. Televisheni ya Channel 4 ilipoionyesha, Radio 3 ya BBC ilirusha sauti wakati huohuo. Kwa hiyo nusu yake ni redio, sikatai. Lakini redio unaisikiliza ukiosha vyombo. Ukumbini umekaa gizani na watu usiowajua, rangi moja imekukabili, huna pa kupeleka macho.

Niweke manukuu chini?

Usieleze maana, haipo. Ila kwa mtazamaji asiyesikia, andika herufi zenyewe, zikue na kupungua kama sauti. Mara nyingi zinapendeza kuliko picha nilizopiga.

P na B zinapasua spika zangu, nifanyeje?

Sogeza simu pembeni zaidi na ufunike maikrofoni kwa soksi nyembamba. Wakati wa kuhariri, vilele vya sauti visipite desibeli -6. Kama tayari imepasuka kwenye rekodi, hakuna programu itakayoirudisha sawasawa, rekodi upya.