Mkiwa na mgonjwa wa kansa nyumbani, acheni kwanza kuambiana "jikaze"

Mama yangu alikutwa na kansa ya mlango wa kizazi tukiwa Uyole, Mbeya, na kuanzia siku ile neno nililosikia kuliko yote ni jikaze. Mjomba jikaze, jirani jikaze, mchungaji jikaze. Basi mama akawa anajikaza mbele yangu na mi najikaza mbele yake, usiku kila mtu analia kivyake, ukuta mmoja tu katikati. Tumeishi hivyo kama miezi miwili. Kilichotuponya ni Kitonga, ule mlima wa kona kali njia ya kwenda Dar. Basi letu la Dar limekwama nyuma ya lori kwenye zile kona, linashuka taratiibu, mama akaangalia dirishani akasema mwanangu naogopa, nikadhani anaongelea korongo, kumbe sio korongo. Nikamwambia hata mi naogopa mama. Tukalia pale mpaka dada wa siti ya jirani akatupa leso. Tangu hapo mambo yakawa mepesi, sio kwamba kansa iliisha, ila tulikuwa wawili sasa.

Kwa hiyo ukiniuliza uanzie wapi, anza hapo. Usisubiri Kitonga. Sema wewe wa kwanza kwamba unaogopa, wagonjwa wengi wanakaa kimya kwa sababu wanakulinda wewe.

Siku ya kuchukua majibu ya kile kipande cha nyama kilichokatwa kupimwa (biopsi) mgonjwa asiende peke yake, maana daktari akishatamka kansa masikio yanaziba, yanayofuata yote huyasikii. Beba daftari, maswali yaandikwe usiku wa kuamkia: imefika hatua ya ngapi, matibabu gani, muda gani, bima inabeba kipi. Woga unapungua sana ukishajua Jumatatu unafanya nini. Na ukiambiwa hatua ya tatu usianze kujitafsiria kwenye bajaji, uliza hapohapo kwa huyu mgonjwa wangu hiyo ina maana gani.

Halafu mgonjwa aambiwe ukweli. Najua huku kwetu ndugu wanakaa kikao wanaamua bibi asijue, aambiwe ni vidonda vya tumbo. Sasa umemsafirisha zaidi ya kilomita 800 anashushwa Ocean Road, hospitali ya kansa ya Dar, kila mtu pale anaongelea kansa, unafikiri yeye ni mtoto? Atajua, ila atakuwa anajua peke yake. Muulize tu, unataka uambiwe yote au kidogo kidogo? Akisema mwambieni kaka yangu mi sitaki kusikia, sawa, ni yeye kaamua.

Kuna kitu kingine watu hawakiongelei, aibu. Kansa hii ya mlango wa kizazi karibu yote inatokana na kirusi kinaitwa HPV kinachopita kwenye kujamiiana, basi mtaani ikishajulikana tu maneno yanaanza, mara umalaya, mara karogwa na wifi. Mama alikuwa anajiuliza kakosea wapi. Nesi mmoja ndio alimkalisha akamwambia kirusi hicho wanakipata watu wengi mno hata aliyekuwa na mume mmoja maisha yake yote, kwa wengi kinaondoka chenyewe, kwa wachache kinabaki, ndio maana tangu 2018 wasichana wanachanjwa nchi nzima. Mama alilala vizuri siku hiyo kuliko siku zote. Na haiambukizi kwa sahani jamani!! Shangazi mmoja alikuwa anaosha kikombe cha mama kwa jiki peke yake, mama akamwona, ile iliuma kuliko sindano.

Mionzi yenyewe kila siku ni dakika chache, kinachochosha ni kungoja na kuwa mbali na nyumbani, wiki tano hivi Jumatatu mpaka Ijumaa, joto la Dar kwa mtu aliyezoea baridi ya Uyole, chakula hakina ladha. Hasira zitakuja na zitakushukia wewe uliye karibu. Mi nilirushiwa uji. Toka nje, pumua, rudi, usimdai samahani siku hiyo. Simu za ndugu apokee mtu mmoja, jioni aandike kwenye grupu la familia, mgonjwa asihojiwe na watu ishirini anaendeleaje.

Maumivu nayo msivumilie. Mtu anayeumwa usiku kucha hata umwombee vipi moyo hautulii. Ulizia huduma ya tiba shufaa, yaani ya kumpunguzia mgonjwa maumivu na mateso, ipo morfini ya maji ya kunywa, sio dawa ya kufia kama watu wanavyosema, ila inafunga choo kwa hiyo omba na dawa ya kulainisha.

Sasa wewe muuguzaji. Pangeni zamu, mi nilibadilishana na mdogo wangu kila baada ya wiki mbili, zamu yangu ikiisha narudi kuuza parachichi Mwanjelwa na nacheka na wenzangu bila kuona natenda dhambi (mwanzoni niliona). Ila kama wiki mbili zimepita hulali, huli, huoni maana ya kitu, au mmoja wenu anaanza kusema bora nife, hapo msingoje zamu, mwambieni daktari siku hiyohiyo au afisa ustawi wa jamii wa hospitali, na huyo mtu asiachwe peke yake.

Matibabu yakiisha woga hauishi, unarudi kila kliniki inapokaribia. Ya kwetu ni wiki ijayo. Daftari liko kwenye mkoba, na mama kashanipa ratiba: kulia ni Kitonga tu, tukishavuka Ruaha Mbuyuni tunanunua vitunguu.