Jinsi ya kuchagua buti za kuwindia kwenye baridi kali, hasa kama utakaa juu ya mti

Nawaandikia hasa nyie mlioko Minnesota na North Dakota kule Marekani, Manitoba kule Kanada, na kule kote ambako msimu wa kulungu ukifunguliwa Novemba baridi nayo ishaingia. Watu wetu wengi siku hizi wanaalikwa na wenzao wa kazini kwenda kuwinda, wanaazimwa koti, wanaazimwa ile fulana ya rangi ya chungwa, ila viatu haviazimwi ovyo, kwa hiyo mtu anaingia dukani anatoka na buti nzuri ya kutembelea mjini akijua mambo yameisha. Hayajaisha jamani, mguu ndio unaokurudisha nyumbani mapema kuliko kitu kingine chochote.

Kabla hujauliza baridi itakuwa kiasi gani, jiulize utakuwa unafanya nini. Kulungu kule kaskazini mara nyingi anawindwa kwa kukaa, unapanda kwenye kiti kilichofungwa mtini gizani kabla hakujapambazuka, unatulia masaa matatu manne bila kutikisika maana mnyama akiona kitu kinacheza juu harudi tena. Mguu unaotembea unajipasha wenyewe, mguu uliotulia unapoteza joto tu. Ndio maana buti ileile inayokutosha kabisa kwenye mainasi 20 ukiwa unakokota sepetu la theluji nje ya nyumba, ukikaa nayo mtini kwenye mainasi 5 vidole vinaanza kuuma kabla jua halijatoka. Hizo zote ni Selsiasi.

Sasa ile namba kwenye boksi, "mpaka mainasi 40" sijui "mpaka mainasi 70", usiitegemee sana. Kampuni zinapima kila moja kivyake na nyingi zinachukulia kwamba mvaaji anatembea, kwa hiyo namba inasaidia kulinganisha buti mbili za kampuni moja, zaidi ya hapo sio ahadi. Bora uangalie gramu. Ukiona imeandikwa Thinsulate (jina la nyuzi bandia za kuzuia baridi) 400 au 800 au 1200, hizo ni gramu za nyuzi hizo kwa kila mita moja ya mraba, sio uzito wa buti kama wengi wanavyodhani. Gramu 200 mpaka 400 ni za mtu anayetembea kutwa, 800 mpaka 1000 ni za mtu anayetembea kidogo na kukaa kidogo, ila wa kukaa tu kwenye baridi kali mimi namwambia aanzie 1200 na kama ni Desemba aende hata 2000.

Kwa aina, mimi nasimama na zile ambazo chini ni raba, juu ngozi, na ndani kuna laina nene inayochomoka, Sorel, Kamik na Baffin wanatengeneza za namna hiyo. Sababu ni hiyo laina kuchomoka. Jasho la siku nzima linaingia ndani yake, jioni unaitoa unaikausha, buti ambayo laina imeshonewa ndani ukilala nayo kwenye kibanda kisicho na moto wa maana asubuhi bado ina unyevu na siku ya pili umekwisha. Zile za neoprini (raba laini yenye povu) ni nzuri Oktoba kwenye matope na maji ila mguu unatoka jasho na kuzikausha ni kazi. Mukluk, zile buti laini za ngozi za watu wa asili wa kaskazini, ni nyepesi na zinapumua vizuri sana, lakini ni za baridi kavu, theluji ikianza kuyeyuka zinalowa.

Alafu kuna zile nyeupe kubwa za jeshi la Marekani, wanaziita bunny boots, asili yake ni vita ya Korea ambako askari wengi waliganda miguu. Ni raba nje na raba ndani, katikati sufu imefungiwa hewa haitoki, na zimekadiriwa mainasi 54. Tower, Minnesota ilishuka mpaka mainasi 51 tarehe 2 Februari 1996, kwa hiyo unaona zimekusudiwa baridi gani. Soksi zitalowa jasho lakini mguu unabaki wa moto. Ubaya wake ni nzito, na raba ikitoboka maji yakaingia kwenye sufu hiyo buti basi tena. Zina kivalvu (kitundu cha hewa chenye kifuniko) pembeni, kifungue ukipanda ndege, ukitua ufunge. Nyeusi zinafanana nazo ila zimekadiriwa mainasi 29 tu, usichanganye.

Saizi ndio watu wanaharibu. Buti ikibana damu haifiki vidoleni na hapo hata gramu 2000 hazikusaidii kitu, tena kinachozuia baridi ni hewa iliyotulia ndani, ukiikandamiza umeifukuza. Nenda dukani jioni miguu ikiwa imevimba kidogo, beba soksi zilezile za kuwindia, jaribu nusu saizi au saizi nzima juu ya yako, simama, kunja vidole vyote. Kama havichezi huru rudisha. Soksi vaa nyembamba ya polipropilini (nyuzi za plastiki) ndani na moja nene ya sufu juu, basi, usirundike tatu. Soksi za pamba acha nyumbani kabisa, zikishika jasho hazikauki.

Hapa naomba msikilize vizuri. Tafiti za wanajeshi wa Marekani na Uingereza zimeonyesha wazi kwamba askari wenye asili ya Afrika wanaumizwa na baridi zaidi kuliko wazungu walio nao kwenye mazingira yaleyale, mishipa ya vidole inajifunga zaidi na inachelewa kufunguka. Kwa hiyo rafiki yako mzungu akikwambia gramu 800 zinamtosha, zinamtosha yeye, wewe panda daraja moja. Na vitabu vingi vinasema ngozi inayoganda inakuwa nyeupe au nyekundu, kwenye ngozi yetu unaweza kuona tu imepauka, ya kijivujivu, ngumu kama nta, kwa hiyo usingoje rangi, fuata hisia: kidole kilichokuwa kinauma kikiacha kuuma na ukawa hukisikii, shuka mtini. Usikisugue na wala usipake theluji. Weka kwenye maji ya nyuzi 37 mpaka 39, ila usianze kukipasha kama bado una safari ambayo kitaganda tena, hiyo inaumiza zaidi. Kisha hospitali. Wenye kisukari waongee na daktari kabla hata ya kununua buti.

Ukishanunua, njia ya kwenda kwenye kiti nayo ina mambo yake. Usitembee kilomita mbili na buti za gramu 2000 miguuni, utafika umeloa jasho na baridi itaanzia hapo. Nenda na nyepesi, zile nzito zifunge begani, ukifika badilisha soksi kwanza ndio uzivae. Baridi nyingi inapanda kutoka chini, kile kiti kikiwa cha chuma ndio balaa, tandika kipande cha zulia au povu uweke miguu juu yake, na ongeza soli ya sufu ndani kama nafasi ipo (kama haipo usilazimishe). Vile vipakiti vya kupasha joto vina unga wa chuma unaohitaji hewa, ndani ya buti iliyobana vinazimika, nunua vilivyotengenezwa kwa ajili ya vidole vya miguu na uvifungue dakika chache kabla. Sigara nayo inafunga mishipa, iache mpaka urudi.

Jioni toa laina na soli, zitundike juu mbali na jiko, sio mdomoni mwa jiko maana ngozi inapasuka na gundi inaachia. Pesa ikibaki nunua seti ya pili ya laina, nyingi zinauzwa peke yake, moja ikiwa inakauka nyingine unavaa.