Jinsi ya Kudai Rekodi za Ukaguzi wa Mita, Transfoma na Maji

Barua nyingi za kuomba rekodi hukwama kwa sababu moja: mwombaji ameandika "naomba maelezo kuhusu shida ya stima mtaani kwetu". Karani akisoma hivyo hajui afungue faili lipi. Taja karatasi yenyewe unayoitaka: ukaguzi wa kifaa gani, chenye nambari gani, tangu lini hadi lini.

Kifungu cha 35 cha Katiba ya Kenya kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na hata zilizo kwa mtu mwingine iwapo anazihitaji kulinda haki yake. Haki za mtumiaji ziko kwenye Kifungu cha 46, na utaratibu wa kuomba umo katika Sheria ya Kupata Habari, nambari 31 ya 2016. Kwa hiyo Kenya Power, kampuni ya stima, pamoja na kampuni za maji KIWASCO ya Kisumu na NAWASSCO ya Nakuru, zote zinaweza kuandikiwa. Shirika la umma haliwezi kukunyima kwa sababu hukueleza rekodi ni za nini. Kampuni yako ndogo, tuseme ya kusaga unga, nayo inaweza kuomba, mradi inadhibitiwa na Wakenya.

Kwanza kusanya nambari. Mita ya tokeni ina nambari ya tarakimu 11. Mita ya bili ina nambari yake, na bili ina nambari ya akaunti. Nguzo nyingi zina nambari iliyoandikwa kwa rangi au kwenye kibati. Kibao cha transfoma huonyesha nambari yake na ukubwa wake kwa kVA, kipimo cha uwezo wake wa kubeba umeme. Kipige picha ukiwa chini, usipande wala usiguse uzio. Kibao kikiwa kimefutika, taja nambari ya nguzo iliyoibeba na alama ya karibu, kama shule au kanisa. Ikiwa uliripoti hitilafu kwa simu 97771 ya Kenya Power, weka ile nambari ya kumbukumbu uliyopewa, maana ndiyo njia ya mkato ya kulifikia faili.

Mpangaji huwa na tatizo lake. Akaunti ya ploti mara nyingi iko kwa jina la mwenye nyumba, na historia ya akaunti ni habari zake binafsi, kwa hiyo ambatisha barua fupi ya idhini yake. Transfoma haina siri ya mtu. Kuhusu hiyo, mpangaji wa Nyalenda na mwenye jumba la ghorofa Milimani wana haki sawa.

Barua iwe ya Kiswahili au Kiingereza, zote zinakubaliwa kisheria. Asiyeweza kuandika anaweza kuomba kwa mdomo, na afisa ana wajibu wa kuliandika ombi hilo na kumpa nakala. Fomu isiwe kisingizio cha kukurudisha nyumbani. Mfano:

"Kwa Afisa wa Habari. Kwa mujibu wa Sheria ya Kupata Habari ya 2016, naomba nakala za: ripoti zote za ukaguzi na matengenezo ya transfoma nambari ___ iliyoko Manyatta, tangu 1 Januari 2024 hadi leo, vipimo vya mzigo kwa kila fezi katika kipindi hicho, na orodha ya hitilafu zilizoripotiwa, pamoja na saa ya kuripotiwa na saa ya kurekebishwa. Rekodi yoyote isiyokuwepo, nijulishwe kwa maandishi kwamba haipo. Majina ya wateja wengine yafutwe."

Fezi ni kila waya wa moto unaotoka kwenye transfoma. Sentensi mbili za mwisho za barua zisiachwe. Jibu la "hatuna ripoti ya ukaguzi kwa miaka miwili" linaweza kukusaidia kuliko ripoti yenyewe, hasa friji au mota ya posho mill ikiwa imeungua. Nalo ombi la kufuta majina linawanyima nafasi ya kukataa faili zima kwa kisingizio cha faragha.

Usiulize "kwa nini stima hupotea kila jioni?" Hilo ni lalamiko, na litapelekwa dawati la malalamiko. Sheria inakupa habari ambazo tayari wanazo. Haiwalazimishi kukutungia maelezo mapya.

Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wenye tarehe urudi nayo. Ukituma kwa barua pepe, hifadhi ile iliyotumwa na jibu lolote la kupokelewa. Hakuna ada ya kuwasilisha ombi. Unachoweza kutozwa ni gharama halisi ya kunakili na kukufikishia.

Kuanzia siku ya kupokelewa wana siku 21 za kuamua. Wanaweza kujiongezea siku 14, mara moja tu, ikiwa rekodi ni nyingi au kuna watu wa kushauriana nao. Muhuri wa 3 Juni basi unafika 24 Juni, na kikomo kabisa ni 8 Julai. Usipopata jibu lolote ndani ya zile siku 21, kisheria ombi limekataliwa. Habari inayogusa uhai au uhuru wa mtu hutolewa ndani ya saa 48. Lakini waya ukiwa umelala barabarani, piga simu kwanza, barua baadaye.

Ukikataliwa, una siku 30 kuomba Tume ya Haki ya Utawala, ile inayojulikana zaidi kama Ofisi ya Ombudsman, ipitie uamuzi. Ambatisha barua yenye muhuri na jibu, kama lipo. Ubishi kuhusu bili au huduma yenyewe huenda kwingine: stima kwa EPRA, mamlaka inayosimamia nishati, maji kwa WASREB, bodi inayosimamia huduma za maji, baada ya kulalamika kwa kampuni kwanza.

Kwa maji, omba matokeo ya maabara badala ya "ripoti ya ubora". Kisumu, ambako maji ya Dunga hutoka ziwani, taja klorini iliyobaki, uchafu wa tope na vimelea vya E. koli. Nakuru usisahau floraidi, hasa kwa maji ya visima: kiwango cha juu ni miligramu 1.5 kwa lita, na ziada yake ndiyo huwaachia watoto meno ya kahawia. Taja kisima au tangi linalohudumia mtaa wako, kwa sababu wastani wa mji mzima huficha kisima kibaya.

Mkaguzi wa mita akija nyumbani, angalia kitambulisho chake cha kazi, kisha piga picha fomu kabla ya kutia sahihi. Usipokubaliana na alichoandika, andika kando ya sahihi yako: "Nimeshuhudia, sikubaliani na matokeo." Ripoti ikifika baadaye, ilinganishe na picha hiyo: tarehe, usomaji wa mita, nambari ya mkaguzi. Zaidi ya yote tazama nambari ya sili, yaani lakiri inayofungia mita, ya zamani na mpya. Nambari ya sili mpya iliyo kwenye karatasi isipofanana na iliyo kwenye mita ukutani, huenda mita imefunguliwa tena baada ya ukaguzi huo, au karatasi hiyo si ya mita yako.