Namna ya kujenga mwamba bandia wa samaki katika Ziwa Tanganyika

Tunachojenga huku Kigoma si matumbawe, kwa maana hayo ni ya baharini. Ni rundo la mawe linalowekwa penye mchanga mtupu ili samaki wa kandokando, ambao wengi wao hawapatikani mahali pengine duniani, wapate mianya ya kujificha, kutagia na kulelea vifaranga.

Hatua ya kwanza ni ruhusa. Zungumza na viongozi wa BMU (kikundi cha jamii kinachosimamia uvuvi) wa mwalo wenu pamoja na afisa uvuvi wa halmashauri, na uwaulize wavuvi wanakopitisha nyavu.

Hatua ya pili, kuchagua mahali, ndiyo yenye kazi. Tafuta kina cha mita 5 hadi 10, ambako mwanga unafika na kuotesha mwani juu ya mawe, lakini mawimbi ya kiangazi hayavurugi rundo. Pima sakafu kwa bildi, yaani kipande cha risasi kinachoshushwa kwa kamba kupima kina, iliyopakwa sabuni laini ya mawese upande wa chini: ikirudi na mchanga, endelea, ikirudi na tope, hama. Rundo letu la kwanza tuliliweka karibu na mdomo wa kijito kinachoshuka kutoka kilima kilichokatwa miti, na masika moja tu yaliijaza udongo mianya yote. Epuka pia penye magamba matupu ya konokono, kwani hayo tayari ni nyumba za samaki wadogo.

Hatua ya tatu, kusanya mawe ya nchi kavu ya ukubwa mbalimbali. Ukiyatoa ziwani, unabomoa nyumba moja ili ujenge nyingine. Matofali ya saruji yenye matundu yanafaa, mradi yamwagiliwe maji na kuachwa yakomae siku 28. Matairi siyakubali hata ya bure: huko Florida, Marekani, yalizamishwa takriban milioni 2 katika miaka ya 1970, vifungo vikakatika, nayo yakatawanyika na kuharibu matumbawe halisi.

Hatua ya nne, shusha mawe kwa kamba, makubwa yakitangulia, bila kuyamwaga kutoka mtumbwini, kisha weka boya.

Baada ya hapo zamia mara kwa mara na uhesabu vifaranga. Ukiona samaki wakubwa peke yao, huenda rundo limewakusanya tu kutoka miamba ya jirani, na atakayetega hapo atawamaliza upesi kuliko walipokuwa wametawanyika.