Kukata majani Tanga: uajiriwe au ujiajiri?

Kwenye kampuni kubwa ya bustani mashine si yako, ikifa bosi ndo anahangaika, mshahara unaingia hata kiangazi majani yakigoma kuota, na wakikusajili NSSF, ule mfuko wa hifadhi ya jamii, inaingia asilimia 20 ya mshahara kila mwezi, kwako isikatwe zaidi ya nusu ya hiyo, watu wanaidharau sana hii. So anzia hapo ila iba ujuzi: kunoa kisu, na kujua mashine ipi inataka petroli ichanganywe na oili, za begani nyingi ziko hivyo, za kusukuma nyingi oili ina tundu lake, ukimwaga petroli kavu kwenye ile ya begani injini inajamu hata hela hujarudisha.

Ukitaka kutoka, jipange kabla ya masika, Machi tu majani yanafumuka na simu zinaita. Usichukue kazi moja Raskazone nyingine Pongwe, boda itakumaliza, tafuta nyumba za mtaa mmoja na mpatane kwa mwezi. TIN, namba ya mlipakodi ya TRA, ni bure, leseni ya biashara nenda halmashauri ya jiji. Wateja wa bosi waache bana, Tanga hii mtakutana tu.