Kipete cha mpira kwenye shokapu ya nyuma si pambo

Nilikuwa najaza upepo kwenye shokapu ya baiskeli ya milimani kwa kukisia; wiki hii nimeacha. Fungua swichi ya kukaza shokapu, vaa kofia na begi la maji kama vile unatoka, egemea ukuta, kisha sukuma kipete kilicho kwenye fimbo hadi kiguse mwili wa shokapu. Kaa taratibu kwenye siti, shuka bila kurukaruka, upime kipete kimesogea kiasi gani: hapo unajua shokapu inazama kiasi gani kwa uzito wako. Lenga asilimia 25 hadi 30 ya mwendo wa fimbo, yaani umbali wote inaoweza kuingia ndani: ukiwa mm 50, ni mm 12.5 hadi 15. Kikizidi, ongeza upepo, kikipungua, toa. Shokapu inazama hivyo kwa sababu gurudumu linahitaji nafasi ya kushuka kwenye shimo, si kupanda jiwe tu. Kila ukiongeza upepo, bonyeza shokapu polepole mara kama kumi ili chemba zote mbili za upepo zilizo ndani yake zilingane, la sivyo kipimo kitakudanganya. Na ukirudisha pampu ukakuta geji imeshuka kidogo, usikimbilie kusema inavuja: upepo umeingia kwenye mpira wa pampu (mimi nilishaanza kutafuta sili mpya!). Kwa shokapu ya springi ya chuma upepo haurekebishi kitu. Unabadilisha springi kulingana na uzito wako. Na kama kipimo kiko sawa lakini inagonga mwisho kila ukiruka, usizidishe upepo, weka vipande vya plastiki vya kupunguza nafasi ndani ya chemba.