Kabati la bunduki nyumbani: anza na watu wanaoishi humo

Mteja akija karakanani kwangu hapa Morogoro kuagiza kabati la bunduki, mazungumzo yake yote huwa ya mwizi: chuma kiwe kinene, kitasa kisivunjike. Namsikiliza mpaka amalize, kisha namuuliza anaishi na nani. Mzee, wajukuu wanakuja likizo? Mama, yule kijana wa miaka 15 bado yuko nyumbani? Kuna mtu anayezidisha pombe, au aliyefiwa na bado hajatulia? Mwizi anaweza asije maisha yako yote. Mtoto yupo kila siku, na anajua unapoweka kila kitu. Kabati ninalotengeneza mimi linamzuia kwanza mtu wa ndani, halafu mwizi.

Kwa hiyo fikiria ufunguo kabla ya chuma. Ufunguo unaolala juu ya fremu ya mlango, chini ya godoro au kwenye mfuko wa koti la Jumapili ni ufunguo wa nyumba nzima. Uwe mwilini mwako. Kama huwezi kutembea nao, chukua kitasa cha namba, ubadilishe namba za kiwandani siku hiyohiyo, na usiweke mwaka wa kuzaliwa wa mtu yeyote wa familia. Jihadhari na visefu vyepesi vya vitufe na betri. Baadhi yake ukivigonga kwa nguvu juu huku unazungusha kishikio cha mlango, vinafunguka, kwa sababu kipini kinachozuia komeo kinashikiliwa na springi dhaifu. Mwombe muuzaji akuruhusu kugonga palepale dukani, akikataa, ondoka. Vya alama za kidole siwapendekezei wakulima wala mafundi wenzangu: jembe na saruji husugua ncha za vidole mpaka mashine haisomi.

Risasi zikae peke yake, kwenye kisanduku chenye kufuli lake, na ufunguo wake usiwe ule wa kabati. Ninapochomelea kabati kubwa huweka kisanduku hicho humohumo ndani, juu. Mtu akifanikiwa kufungua mlango mmoja, bado ana chuma bila risasi. Na kabla bunduki haijaingia kabatini, toa magazini (kile kibebeo cha risasi), fungua chemba, pale risasi inapokaa tayari kufyatuliwa, tazama kwa macho na uguse kwa kidole. Kila mara, hata kama ulitazama asubuhi.

Sasa chuma. Wengi wa wateja wangu wanatoka Kilosa na Mvomero, wana bunduki ya marisau, ile watu wanaiita shotigani, kwa ajili ya nguruwe pori shambani. Bunduki ya namna hiyo ina urefu wa kama sentimita 115 hadi 120, kwa hiyo kwa ndani kabati lisipungue sentimita 130. Upana 35 na kina 30 vinatosha bunduki mbili. Ukiwa na raifo yenye darubini usipunguze kina, darubini itakwaruzwa na mlango. 

Unene: shiti ya geji 16 ni milimita 1.5 hivi, ndiyo inayotumika kwenye milango mingi ya mtaani, na mtaimbo unaikunja. Waingereza wana kiwango chao cha makabati ya bunduki, BS 7558, ambacho kinaanzia milimita 2. Mimi napendekeza milimita 3. Lakini sikiliza hesabu hii: kabati la vipimo nilivyotaja, kwa milimita 3, lina uzito wa kilo 46 hivi. Haufiki hata uzito wa mfuko mmoja wa saruji. Kijana mmoja analibeba begani na kuondoka nalo, akalifungue kwa grainda porini bila haraka. Kabati ambalo halijafungwa ukutani ni sanduku la kumrahisishia mwizi kubeba.

Hapa ndipo ningetaka utumie pesa na muda wako. Chagua kona, si katikati ya ukuta. Liegemee kuta mbili, na upande wa bawaba ndio uwe umebanwa na ukuta, ili mtaimbo usipate nafasi ya kuingia. Fungia kutoka ndani ya kabati kwa bolti za kutanuka za milimita 12: mbili ukuta wa nyuma, mbili ukuta wa pembeni, na mbili kwenye sakafu kama ni zege. Kwenye tofali la saruji lililoshiba bolti inashika vizuri. Kwenye tofali la udongo inapasua, na tofali lenye matundu halina cha kushika. Hapo pitisha nondo yenye hesi (mikato ya kukazia nati) hadi chumba cha pili, weka pleti upande wa pili na uchomelee nati. Usipitishe ukuta wa nje, maana mtu wa nje atakata kichwa cha bolti wewe umelala.

Kwenye mlango angalia vitu vitatu. Mwanya kati ya mlango na fremu usizidi milimita 3. Upande wa bawaba uwe na pini zilizochomelewa zinazoingia kwenye fremu, ili hata bawaba zikikatwa mlango usitoke. Na vitasa viwe viwili, juu na chini, vya kuzama ndani. Kitasa kimoja cha katikati kinaacha pembe za mlango zikunjike. Kufuli linaloning'inia nje usilikubali, mkasi wa chuma unalikata kwa pumzi moja.

Walio Tanga, Bagamoyo au Dar wana adui mwingine, kutu. Nyanyua kabati kidogo kutoka sakafuni, usitandike sponji ndani kwani inanyonya unyevu, weka vipakiti vya silika, vile vya kunyonya unyevu, na uvibadilishe. Ala ya ngozi isilale na bastola ndani yake. Ngozi inatunza unyevu.

Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inamtaka mwenye leseni aihifadhi silaha yake salama, na wajibu huo ni wako, hauhamii kwa mke, kijana wala mlinzi. Ukisafiri kwa muda mrefu, ulizia kituo chako cha polisi wakuhifadhie. Fanya hivyohivyo mtu wa nyumbani akiwa kwenye huzuni nzito au akitamka kwamba amechoka kuishi. Siku hizo hata kabati langu lisikutulize. Bunduki itoke nyumbani kabisa.

Kabati lisafirishwe limefunikwa, na majirani wasijue ni la nini. Usimlipe fundi salio kabla hujalisukuma kwa bega kwa nguvu zako zote, hujaona vichwa vya bolti kwa tochi, na hujapokea funguo zote mkononi. Muulize zilikuwa ngapi kwenye pakiti ya kitasa, na pakiti yenyewe aikabidhi.